Maji ya Bethlehemu na Pete ya Tanzanaiti

Ukifungua Biblia kutafuta jiwe linaloitwa tanzanaiti, hutalipata. Katika Kutoka sura ya 28 yametajwa mawe kumi na mawili yaliyopangwa kwa safu nne kifuani pa Haruni, kila jiwe na jina la kabila lake. Katika Ufunuo sura ya 21 yametajwa tena mawe kumi na mawili, misingi ya ukuta wa mji mtakatifu. Yamo yakuti samawi, zumaridi na amethisto. Tanzanaiti haimo. Yohana alipokuwa akiandika kule Patmo, jiwe hili lilikuwa bado limelala chini ya vilima vya Mererani.

Sisi wazee wa kanisa katika kisiwa cha Rukuba hatukuwa na sababu ya kulifahamu. Kisiwa chetu kimo ndani ya Ziwa Victoria, upande wa Musoma, na mali tunayoijua ni ile inayotoka majini. Tunajua dagaa, sato na sangara. Tunajua bei ya mabondo inavyopanda na kushuka. Giza la mwezi likifika, vijana wanaondoka jioni na taa zao kuvua dagaa. Mbalamwezi ikirudi, wanavuta mitumbwi na kushona nyavu. Kuhusu mawe, tunayajua yale tunayoanikia nguo.

Tulilazimika kujifunza habari za tanzanaiti kwa sababu siku moja iliwekwa kwenye kapu la sadaka.

Ndugu msomaji anajua jinsi ilivyo katika makanisa yetu ya vijijini. Asiye na fedha huleta alicho nacho, na baada ya ibada tunafanya mnada nje ya kanisa. Jumapili ile palikuwa na kuku wawili, mkungu wa ndizi, debe la dagaa na mayai. Chini ya mayai palikuwa na kipande cha kanga kilichofungwa fundo. Ndugu aliyekuwa akinadisha alikifungua akakuta pete ya fedha yenye jiwe dogo la bluu. Kabla hajataja bei ya kuanzia, mama mmoja kati yetu alimshika mkono akamwambia, "Hiyo usiinadi." Alikuwa amekitambua kile kipande cha kanga.

Pete ile ilikuwa ya mama mjane wa kanisa letu. Hatutamtaja jina, kwa kuwa mwenyewe hakupenda. Mwanawe alikuwa mvuvi kama baba yake. Akaachana na ziwa akiwa kijana, akasema anakwenda Mererani kutafuta maisha. Baada ya miaka michache alirudi mara moja, akakaa juma moja, akamvisha mama yake pete. Kisha akaondoka. Safari ya pili hakurudi. Waliokuwa naye walituma habari kwamba aliingia shimoni na shimo likamfunika.

Mama yule hakuwahi kuivaa pete ile. Mikono yake ilikuwa ya dagaa na mchanga. Aliifunga kwenye pindo la kanga, na kanga ilipochakaa alikata pindo lile akalitunza. Sasa alikuwa ameileta kwa Bwana, kwa ajili ya paa la kanisa. Mabati yetu ya upande wa magharibi yameliwa na kutu, na mvua ya kutoka ziwani inapopiga, tunahamisha mabenchi.

Tulikutana wazee saba, wanaume wanne na wanawake watatu, pamoja na mchungaji. Mawazo yaligawanyika.

Wa kwanza alisema: sadaka imetolewa kwa paa, basi iuzwe, mabati yanunuliwe. Sisi ni nani hata tumpangie mtu sadaka yake? Wa pili alisema: hii ni bei ya damu. Akakumbusha Mathayo sura ya 27, jinsi makuhani walivyokataa kuweka fedha ya Yuda katika hazina ya hekalu. Kijana amekufa katika kazi ya mawe, nasi tutakaaje chini ya bati lililonunuliwa kwa jiwe? Wa tatu alisema: arudishiwe mama yake. Ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha mwanawe. Siku moja atakitafuta kwa machozi.

Palikuwa na hofu nyingine ambayo hakuna aliyetaka kuitamka, mpaka mchungaji alipoitamka. Je, kama ni kioo? Mjini tunaona pete za bluu zikiuzwa barabarani pamoja na sega na vioo vya mkononi. Labda kijana alidanganywa. Labda mama ametunza kioo miaka yote hii.

Hapo tukakubaliana jambo moja kabla ya mengine yote: liwe jiwe au liwe kioo, mbele za Mungu sadaka ya mama huyu haitabadilika thamani. Yule mjane wa Hekaluni hakupimiwa senti zake kwa mizani ya soko. Lakini sisi tuliopokea tulikuwa na wajibu wa kujua tulichoshika. Tukawatuma wawili wetu. Walivuka kwa mtumbwi hadi Mwigobero, wakapanda basi la Arusha linalopita Serengeti. Waliyojifunza huko tunayaandika hapa, kwa sababu yametusaidia kuamua, na huenda yakamfaa msomaji mwenye pete kama ile au anayetaka kuinunua.

Tanzanaiti ni aina ya madini yaitwayo zoisaiti. Rangi yake hutokana na chembe za vanadi zilizoingia ndani yake lilipokuwa likiumbika, mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Lilijulikana mwaka 1967 huko Mererani, wilaya ya Simanjiro, ambayo leo iko mkoa wa Manyara. Serikali yetu imemtambua mzee Jumanne Ngoma kuwa mgunduzi wake, na mwaka 2018 Rais John Magufuli alimpa zawadi ya shilingi milioni 100. Jina la tanzanaiti lilitolewa na kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani mwaka 1968, kwa heshima ya nchi yetu. Mpaka leo machimbo yake yanajulikana mahali pamoja tu duniani, eneo la kilometa chache ambalo mtu mwenye miguu mizuri anaweza kulitembea kwa siku moja.

Mtaalamu aliyeikagua pete alianza kwa kuigeuza polepole dirishani. Akawaita watu wetu waangalie. Upande mmoja jiwe lilikuwa la bluu kama ziwa saa tano ya mchana. Alipoligeuza kidogo likawa zambarau, kama ziwa lile lile jua linapozama. Alisema hiyo ni tabia ya tanzanaiti: jiwe moja huonyesha rangi tofauti kwa kadiri unavyoligeuza, bluu, zambarau, na katika jiwe lisilochomwa pia rangi ya kahawia yenye wekundu. Kioo hubaki na rangi ile ile kila upande. Kisha akaliweka chini ya darubini, akalipima kwa vyombo vyake, kwa kuwa macho peke yake hayatoshi. Yako mawe ya kutengenezwa yanayofanana nalo sana. Alipomaliza alisema neno moja: "Ni yenyewe."

Watu wetu wanasema walitoka nje kidogo, wakasimama barabarani bila kusema kitu.

Waliporudi ndani aliendelea kuwafundisha. Uzito wa vito hupimwa kwa karati, na karati tano ni gramu moja. Jiwe la pete ile halikufika karati moja. Bei hufuata rangi kuliko kitu kingine: bluu nzito yenye zambarau ndani yake ndiyo hutafutwa, na mawe madogo mara nyingi huwa mepesi wa rangi. Hufuata pia usafi, yaani jiwe lisiwe na nyufa na madoa, na ukataji, yaani jinsi fundi alivyolichonga ili nuru iingie na kurudi. Anayenunua jiwe la thamani aombe cheti cha maabara. Pale Arusha kipo Kituo cha Jemolojia Tanzania, ambako vijana wetu wa Kitanzania wanafundishwa kuyatambua mawe na kuyachonga.

Akawaambia jambo jingine lililotushangaza. Jiwe hili zuri ni laini kuliko watu wanavyodhani. Katika kipimo cha ugumu ambacho almasi ni 10 na yakuti samawi ni 9, tanzanaiti iko kati ya 6 na 7. Mchanga wa kawaida, kama ule wa ufuko wetu, una chembe za ugumu wa 7. Maana yake ni kwamba mchanga tunaoanikia dagaa unaweza kulichuna. Ndiyo sababu wataalamu hushauri tanzanaiti ivaliwe zaidi kwenye mkufu au hereni, na ikiwa ni pete, jiwe lizungushiwe ukingo wa madini na livuliwe wakati wa kazi. Lioshwe kwa maji ya uvuguvugu, sabuni laini na kitambaa. Lisitolewe kwenye joto na kutumbukizwa kwenye baridi ghafla, laweza kupasuka. Mtaalamu akauliza jinsi pete ile ilivyotunzwa. Walipomweleza habari za pindo la kanga alisema, "Huyo mama ameitunza vizuri kuliko wengi wenye sanduku la chuma."

Tena akasema kwamba tanzanaiti nyingi zikitoka ardhini hazina bluu ile tunayoiona madukani. Hutoka na rangi ya kahawia, mtu asiyejua anaweza kuipita. Huwekwa kwenye tanuru, joto likapanda hadi kama nyuzi 500 au 600, ndipo kahawia hutoka na bluu hubaki. Yako mawe machache yaliyotoka ardhini yakiwa ya bluu tayari, lakini mengi yamepita motoni. Tulipoambiwa hayo tulimkumbuka nabii Malaki na yule aketiye kama msafishaji wa fedha. Tukajizuia tusifanye haraka kumhubiria mama wa watu juu ya moto. Aliyefiwa na mwana hahitaji kuambiwa kwamba amependezeshwa.

Basi jiwe ni la kweli. Swali likabaki: la kweli kwa gharama ya nani?

Waliofika Mererani wametueleza, na mambo haya yanajulikana nchini. Wachimbaji wadogo, wanaoitwa wanaapolo, wengi hawana mshahara. Mwenye shimo huwapa chakula na vifaa, nao hungoja mgawo siku jiwe litakapopatikana, na siku hiyo yaweza kukawia miaka. Wanashuka mamia ya mita kwa kamba na ngazi, hewa ikiwa haba. Kwa miaka mingi watoto walitumwa kupenya mahali pembamba ambapo mtu mzima hapiti, wakaitwa nyoka. Mwaka 1998, na tena Machi 2008, mvua kubwa ilijaza maji mashimoni, na makumi ya watu wakafa kila mara. Wako pia waliofanikiwa. Mwaka 2018 serikali ilizungushia machimbo ukuta wa kilometa 24.5 ili mali isitoroshwe, na Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia serikali mawe mawili yenye uzito wa karibu kilo 15 kwa zaidi ya shilingi bilioni 7.7. Alisema angependa kujenga shule kwa watu wake. Tulifurahi naye tulipoisikia redioni. Lakini kwa kila Laizer mmoja wako wengi ambao mama zao wana fundo la kanga, au hawana hata hilo.

Jioni moja mchungaji alitusomea Ayubu sura ya 28. Wengi wetu tulikuwa tumeisoma mara nyingi bila kuiona. Humo Ayubu anawaeleza wachimbaji: watu wanaotoboa mashimo mbali na wakaao juu, wanaoning'inia huku na huku, wanaoleta nje kwenye nuru kilichofichwa gizani. Yakuti samawi imo humo. Kisha Ayubu anauliza hekima inapatikana wapi, kwa kuwa haimo vilindini, wala bahari haina, wala haiuzwi kwa dhahabu. Jibu lake ni kumcha Bwana na kujitenga na uovu.

Ndipo mmoja wetu, mama mwenye miaka mingi na maneno machache, akaomba isomwe 2 Samweli sura ya 23. Daudi yuko pangoni Adulamu wakati wa mavuno. Wafilisti wanaishika Bethlehemu, mji wa kwao. Anatamani maji ya kisima kilicho langoni. Mashujaa watatu wanasikia, wanapita katikati ya jeshi la adui, wanachota, wanamletea. Daudi anakataa kunywa. Kwake yale si maji tena, ni damu ya watu waliokwenda kwa kuhatarisha nafsi zao. Anayamimina mbele za Bwana.

Mama yule akatuambia tutazame vizuri: Daudi hakuyarudisha kisimani, wala hakuwakaripia waliomletea. Aliyapokea kwa mikono yake, akayaheshimu kuliko kiu yake.

Maneno hayo yalituingia. Sisi ni watu wa ziwa. Kama jiwe la Mererani lina damu, je, dagaa wetu? Katika kisiwa hiki hakuna ukoo ambao haujalala msibani kwa ajili ya mtumbwi uliopinduka usiku. Fungu la kumi tunalopokea kila wiki limechotwa na watu wanaopita katikati ya hatari. Kama tungeikataa pete kwa sababu mtu amekufa, ingetupasa kukataa na samaki, na kanisa lisingekuwa na hata mshumaa. Na kama tungeipokea na kuila kama mali ya kawaida, tungekuwa tumekunywa maji yale ambayo Daudi aliogopa kuyanywa.

Tulikwenda kwa mama wote saba, na mchungaji. Tulimsalimu, tukaketi kwenye mkeka. Tukamweleza kwanza kwamba jiwe ni la kweli. Alitikisa kichwa taratibu akasema, "Mwanangu hakuwa mwongo." Hakuongeza neno kwa muda mrefu, nasi hatukumharakisha.

Kisha mchungaji akasema, "Mama, tumekuja pia kukuuliza. Ukitaka kuirudisha kwako, hakuna atakayekulaumu, na sadaka yako Mungu ameshaiona."

Akajibu, "Baba mchungaji, nimeshampa Mungu. Mkinirudishia, mimi nitaificha wapi tena? Kanga yenyewe imeisha."

Tukamsimulia habari za Daudi na maji. Alisikiliza akiwa ameinamisha uso. Tulipomaliza akauliza, "Aliyamimina wapi?"

"Chini, mama. Mbele za Bwana."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi hii nanyi mimineni ziwani."

Tulitazamana. Mmoja wetu akadhani anataka pete itupwe majini. Mama akatabasamu, mara ya kwanza jioni ile. Akanyoosha mkono kuelekea ufukweni, ambako vijana walikuwa wakipakia taa kwenye mitumbwi, wakiwa na fulana tu kifuani. "Hawa," alisema. "Wangu alizama kwenye mawe, sikuweza kumfikia. Hawa nawaona kila jioni wanavyoondoka."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Pete iliuzwa mjini kwa mtu tuliyemwambia ukweli wote kuhusu jiwe, ukubwa wake na rangi yake. Bei haikuwa kubwa. Isingetosha hata robo ya paa. Ilinunua majaketi okozi saba. Wavuvi wengi wa kwetu wanajua kuogelea, na wengi waliozama walijua pia. Usiku, katika upepo, kuogelea kuna mwisho. Majaketi yanatundikwa ukutani ndani ya kanisa, upande ule ule unaovuja. Jioni vijana wanakuja kuyachukua kwa zamu, wa kanisa letu na wasio wa kanisa letu, hata ndugu zetu Waislamu. Asubuhi wanayarudisha. Mama yule ndiye anayeyahesabu. Saba zikitimia, anafunga mlango na kwenda kuanika dagaa wake.

Wako wanaotuuliza kwa nini hatukujenga kwanza nyumba ya Mungu. Tunawajibu kwamba paa bado tunalichangia, na tunaamini litapatikana. Lakini kuna sadaka ambazo zimeshapitia mikono ya watu walioweka uhai wao hatarini, na sadaka za namna hiyo zinaomba kurudi kwa watu wa namna hiyo.

Ndugu msomaji, huenda kidoleni mwako au shingoni mwako kuna jiwe la bluu la Mererani. Livae kwa shukrani, ni kazi ya mikono ya Mungu na uzuri wake si dhambi. Livue unaposhika mchanga. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu. Na unapoligeuza kwenye nuru, bluu ikawa zambarau, uwaombee walioko chini ya ardhi usiku huu na walioko juu ya maji. Kisha ujiulize, kama Daudi alivyojiuliza pangoni: nilichopewa kimechotwa na nani, nami nitakimimina wapi?